Mawe ya Senge Goretti

Senge Goretti, dada wa baba yangu, ameniudhi mara nyingi, lakini siku ile ya mwaka 1966 alipita kipimo.

Nilifika kwake Busia, upande wa Uganda, na mfuko wa amonaiti ishirini na tatu. Hao ni wanyama wa bahari ya kale, jamaa za ngisi, walioishi ndani ya makombe ya kujiviringa wakafa wakawa mawe. Kesho yake ningemwonyesha profesa aliyekuja Tororo kuchagua mmoja wetu walimu wa kwenda chuo kikuu. Hoja yangu ilikuwa moja: wa Mombasa walikuwa na makombe laini, waliohamia bahari iliyofunika Mandera walizaa watoto wenye matuta. Kila jiwe nilikuwa nimelibandika karatasi yenye jina la mahali lilipookotwa.

Nikaenda kuoga. Niliporudi, mawe yalikuwa yameanikwa juani, karatasi zinaelea kwenye beseni.

"Senge, umefanya nini?"

"Si umeniletea mawe ya kusugulia vyungu, Selpher? Mgeni haji mikono mitupu."

Yeye ni mfinyanzi. Na kweli sikumletea hata sukari.

Nilimweleza hoja yangu yote ya laini na matuta, kwa sauti isiyomfaa mtu mzima, na kwamba jiwe lisilojulikana lilikotoka halisemi kitu. Hakujali. Akaanza kuyapanga.

"Hata mimi nilipoolewa Mulanda nilibadilisha shingo ya chungu. Mama mkwe alinicheka mpaka nikafuata yao. Hii laini, ya nyumbani. Hii ya matuta, imehama."

"Hilo umekosea," nikasema, nikifurahi kumkosoa. Jiwe aliloshika lilikuwa na matuta, lakini nililiokota Mombasa kwa mkono wangu. Nililijua kwa ufa wake. Mwaka mzima lilikuwa likiniharibia hoja, na nilipanga kulificha.

"Basi hiyo iliachika, ikarudi kwao na chungu ya huko. Kama mimi."

Jibu hilo liliniudhi kuliko yote.

Ningeweza kuandika karatasi mpya kwa kubahatisha. Niliandika moja tu, ya lile la ufa. Kule Tororo profesa aliyatazama yale ishirini na mawili yasiyo na karatasi, akatikisa kichwa: nirudi mwaka ujao. Kisha akashika lile la ufa, akauliza mbona la Mombasa lina matuta. Nikamjibu alivyosema Senge. Akatoa daftari, akauliza hoja hiyo ni ya nani.

Aliandika: Goretti, mfinyanzi, Busia. Jina langu hakuliuliza.