Sufuria Iliyowashwa Tupu

Sufuria yetu ya umeme hupika kwa mwendo wa kobe, na ndiyo maana tunaipenda. Asubuhi baba au mama anaijaza, wa mwisho kutoka anaiwasha, jioni supu imeiva bila mtu kutoka jasho. Kifuniko chake cha kioo kilivunjika, kwa hiyo tunaifunika kwa sinia. Sheria ya baba, fundi umeme, ni moja: usifunue! Ukifunua joto linatoroka, naye anakupa mhadhara mpaka masikio yaombe poo.

Basi siku hiyo nilikuwa wa mwisho. Nikaona sinia liko juu, nikabonyeza swichi, huyoo, shule.

Jioni nilifika mlangoni pamoja na wazazi, mama bado kavaa sare yake ya uuguzi. Nyumba nzima ilinukia. Mdogo wangu, Kifaranga, alikuwa ametutangulia, yuko mezani anakunywa supu kwa pupa. Mama aliziba mdomo kwa kiganja. Tangu bibi mzaa mama atutoke mwezi uliopita, Kifaranga alikuwa hataki kula. Kumlisha ilikuwa sawa na kubembeleza ukuta. Alikuwa amebaki macho na magoti.

"Baba watoto, leo umejitahidi," mama akanong'ona. "Mpaka karoti umekata."

"Mimi? Si wewe? Mimi niliitwa kazini alfajiri."

"Na mimi nilikuwa zamu tangu jana. Sijagusa hata kisu."

Wakanigeukia.

"Msinitazame hivyo! Mimi hata maji huniungulia."

Hakuna aliyecheka. Maana yake ilituingia wote kwa pamoja: niliwasha sufuria tupu.

Baba akaenda jikoni kukagua. Alirudi akitembea kama mtu aliyekanyaga waya. "Imejaa," alisema. "Viazi, karoti, nyama. Nyama tulimaliza juzi. Na kwenye pipa hakuna hata ganda moja."

Mama akamshika Kifaranga bega. "Nani amekupakulia, mwanangu?"

"Nimekuta imepakuliwa. Imepozwa, nisiungue."

"Mwaga," baba akasema. "Yote. Sasa hivi."

Mama akavuta bakuli. Kifaranga akalikumbatia kwa mikono yote miwili. "Niachie! Nina njaa."

Nina njaa. Mwezi mzima tulikuwa tunayasubiri maneno hayo.

"Nikiimwaga, kesho atakula nini?" mama akamuuliza baba. "Unataka nimzike na huyu?"

Akamnyang'anya Kifaranga kijiko, akachota, akanywa yeye. Tukalitazama koo lake. Hakuanguka. Akageuza uso kuelekea jikoni, hakuna mtu huko, akasema polepole kama anayeongea na mkubwa wake, "Asante, mama. Amekula. Ila mtoto ni wangu, nitamlisha mwenyewe."

Jikoni swichi ya sufuria ikajizima: tak.

Mimi nikajibanza nyuma ya kiti alichokalia baba.

Kifaranga akalamba bakuli, akalinyoosha. "Niongezeeni."

Baba akainuka. Mama akamrudisha kitini kwa mkono mmoja, akachukua bakuli, akaingia jikoni peke yake. Tulisikia hatua zake zikisimama. Kisha, kwa sauti ya heshima lakini isiyorudi nyuma, akasema:

"Nipishe."