Mizani ya Kishibani

Nchi ya Kishibani ililala bondeni kama mtoto aliyeshiba akasinzia kifuani kwa mamaye, na juu yake, kwenye kilima cha pekee, kilisimama kiwanda cha shira ambacho moshi wake mtamu uliingia kwenye nywele za wanaharusi na kwenye sanda za wafu. Mwenye kilima, mwenye kiwanda na mwenye neno la mwisho katika kila baraza alikuwa Mtukufu Tipwa, mtu ambaye kivuli chake kilitangulia kufika mahali, kikapewa kiti, ndipo yeye mwenyewe akafuata. Ndiye aliyewafundisha watu kwamba Mungu akimpenda mja humnenepesha, na kwamba chakula cha shukrani ni kimoja tu: andazi la neema, kubwa kama kichwa cha ndama, lililokaangwa likaelea, kisha likazamishwa kwenye shira ya kiwandani kwake. Mchicha uliota wenyewe kandokando ya vijito, mtama ukainamisha vichwa mashambani, mapapai yakaiva mpaka yakadondoka. Vyote hivyo viliitwa chakula cha waliosahauliwa, vikaachiwa ndege.

Kila Jumapili ya Mavuno imani ya watu ilipimwa mbele ya kanisa. Mizani yao haikuwa na mawe, kwa kuwa jiwe lenyewe lilikuwa Mtukufu. Asubuhi alisaidiwa kuketi kwenye sahani ya shaba iliyogusa ardhi, kisha nyumba mojamoja, baba, mama na watoto, ilipanda kwa ngazi kwenye sahani ya pili, naye akapaa taratibu hadi usawa wa jukwaa lake, akishangiliwa kama jua linalochomoza. Nyumba iliyoshindwa kumwinua iliitwa Nyumba ya Wasioshukuru. Baba alinyang'anywa kazi, na wote walisimama nje ya kanisa wenzao walipokuwa wakishiriki Meza ya Bwana.

Katika nchi hiyo aliishi Tuganile, mama wa binti mmoja, Sekela, na mke wa Ambakisye, mpiga kengele wa mnara wa kanisa. Mwaka huo Ambakisye alipata kidonda mguuni kilichokataa kufunga. Mganga wa hospitali alikitazama, akatikisa kichwa, akasema sukari imejaa mwilini, na kwamba dawa peke yake haitashinda maandazi; wasipobadili chakula, mguu utakatwa.

Tuganile alirudi nyumbani akiwa na uzito mwingine kabisa, ule usiopimwa na mizani. Alikuwa amejifunza kusoma ukubwani, kwenye darasa la jioni, akafuatisha Maandiko kwa kidole, neno kwa neno, mpaka akafika pale panaposema kwamba mwili ni nyumba akaamo Mungu. Alipamaliza akapasoma tena. Nyumba ya mgeni mkubwa namna ile, akawaza, nasi tunaimiminia shira mpaka kuta zinaoza? Siku iliyofuata alishuka kijitoni na kisu.

"Mama Sekela, hii nini?" Ambakisye akauliza, akiuchokonoa mchicha kwa kidole kana kwamba ungemuuma.

"Chakula, Baba Sekela."

"Cha sungura!"

"Basi kula kama sungura, ukimbie kama sungura. Mguu mmoja haupandi mnara."

"Na Mungu je? Tutamshukuru kwa majani?"

"Si ndiye aliyeyaotesha? Andazi, namjua aliyelipika."

Ambakisye akala. Wakawa wanasali, wanakula ugali wa mtama kwa mboga na dengu, wanakunywa maji, naye anameza dawa zake. Wiki ya tatu kidonda kikaacha kunuka. Mwezi wa pili kikaanza kufunga pembeni, na Sekela akawa anakichungulia kila asubuhi kama anayechungulia kifaranga kwenye yai. Majirani, waliokuwa wamecheka, wakaanza kuja kwa mlango wa nyuma, bakuli likiwa limefichwa ndani ya kanga.

"Si kwamba nataka, shoga," akasema Mama Tupoke wa nyumba ya pili. "Naonja tu."

"Onja, mama. Kesho ulete bakuli kubwa zaidi."

Bwana Lisha, msimamizi wa mizani, naye akaja. Akanusa hewa. "Dada, nyumba hii hainuki shira. Mavuno yamekaribia. Ukimwaibisha Mtukufu, kengele atapewa mwingine."

"Nimesikia, kaka," akasema Tuganile. Mguu wa mume au kazi yake, na Meza ya Bwana aliyoipenda kuliko viti vyote vya mbele! Alilia kidogo jikoni, kisha akaosha mchicha.

Jumapili ikafika. Nyumba yao iliitwa ya kwanza. Wakapanda, Ambakisye akikanyaga ngazi kwa miguu yake miwili. Sahani ya Mtukufu haikutikisika.

"Wasioshukuru!" akapaza sauti Lisha. "Wengine!"

Akapanda Mama Tupoke na wanawe wanne. Sahani ikabaki ardhini. Ikapanda nyumba ya tatu, ya kumi, ya thelathini, na kila mmoja akamtazama mwenzake kwa jicho la mtu aliyefumaniwa na aliyefumania. Mpaka mchana hakuna aliyemwinua Mtukufu, na sheria yake mwenyewe ilikataza nyumba mbili kupanda pamoja.

"Niinueni!" akanguruma.

"Kwa nini, Mtukufu?" sauti ikauliza kutoka nyuma. "Si wewe uliyebarikiwa kuliko sote?"

Kicheko kikaanza pembeni, kikaenea kama moto wa nyasi. Mchungaji, mzee aliyekuwa amezoea kunyamaza, alilitazama kanisa tupu, akaitazama nchi nzima iliyosimama nje, akaubeba mkate na kikombe, akatoka navyo uani. Tuganile alipopokea kipande chake, kidogo, kikavu, kisicho na shira, pumzi aliyokuwa ameibana miezi mitatu ikamtoka yote.

Baadaye alimwendea Mtukufu, ambaye bado alikuwa ameketi chini, kwenye sahani yake.

"Mama," akanong'ona, "mtaniacha hapa?"

"Tutakuinua, baba. Lakini nawe ujipunguze kidogo." Akamwekea bakuli la mtama na mchicha.

Aliporudi kulichukua, alilikuta tupu, limefutwa safi. Wapo wanaoapa kwamba Mtukufu alilamba hadi vidole. Wapo wanaosema kuku wa mchungaji walishiba sana siku hiyo. Tuganile hakuuliza. Mnarani mumewe alikuwa ameanza kuvuta kamba, na kengele ilipotikisa hewa, sahani ya shaba ikatetema, ikaachana na ardhi kwa unene wa ukucha, au labda ni vumbi tu lililokuwa limehama.