Msiba wa Jemadari

Mimi sina hasira. Wanaosema Mazengo ana hasira ndio wanaonikasirisha. Lakini Jumamosi ile, sebuleni kwa Ebenezer pale Kikuyu, mtaa wa huku kwetu Ugogoni, hata malaika angetukana.

Ilikuwa miaka ya ruksa, kila kitu kinaingia nchini: redio za Kijapani, suruali za mitumba, maziwa ya kopo. Kwa Ebenezer liliingia sanduku la vita. Mzungu mmoja aliyekuwa akichimba visima kule Kongwa alimwachia aliporudi kwao. Ndani mlikuwa na vijiaskari vya chuma vyenye kimo cha kidole, mazimwi yenye pembe, wachawi wenye fimbo, dadu, na kitabu cha sheria. Unatandika blanketi mezani, unapanga majeshi juu yake, unapima mwendo kwa futi ya fundi cherehani, unarusha dadu kujua nani kafa. Watu wazima, wenye vyeo ofisini, tulikuwa tunagombana juu ya meza ile mpaka chai inapoa.

Wa kwangu alikuwa Jemadari. Kapanda farasi mweusi aliyeinua miguu ya mbele, upanga juu, joho jekundu nililolipaka mwenyewe kwa rangi ya kucha ya dada yangu. Sheria ilisema askari walio karibu na Jemadari hawakimbii hata wakizidiwa vipi. Akiondoka yeye, kila kikosi kinarusha dadu ya woga. Na askari wangu, sijui walilelewa na nani, walikuwa waoga ajabu.

Sasa Ebenezer akapata uhamisho kwenda Dar es Salaam. Mkewe, Evodia, akasema mashetani yale hayapandi lori lake. Ndipo Ebenezer akatangaza vita ya mwisho: Mazengo dhidi ya Lydia, atakayeshinda achukue sanduku zima. Jamani, nililitaka sanduku lile! Nilikuwa nimeshahamisha vyombo vya mama kabatini ili Jemadari wangu apate pa kukaa.

Lydia alikuwa mwalimu wa hesabu, Mhehe wa Iringa, na mimi Mgogo. Mgogo na Mhehe ni watani. Mtani anakutukana, unacheka. Anakuvua kofia njiani na kwenda nayo, unacheka. Ukinuna, kosa ni lako, na watakusema mpaka ukoo wako.

"Leo Mgogo hutashinda," alisema tukipanga majeshi. "Labda uje kuniomba. Kwa kuomba hamjambo."

"Na wewe ukipita, mbwa wa mtaa mzima wanajificha," nikamjibu. "Wanajua mnachopika kwenu."

Tukacheka, tukaanza. Nilimchapa, sisemi uongo. Mazimwi yake yalikuwa yameanza kurudi nyuma, na Jemadari wangu alikuwa amebakiza shambulio moja tu, ubavuni, pale palipokuwa wazi kama mlango wa kanisa. Nikachukua dadu, nikazipulizia.

Hodi! Aliingia Mzee Yoramu, baba mdogo wa Evodia, katoka Msalato kwa baiskeli, kofia imejaa vumbi. Utabaki umekaa mzee anaingia? Tukasimama wote. Shikamoo, marahaba, wa nyumbani hawajambo, mvua vipi huko, ng'ombe je. Mzee akajibu moja moja, kwa utulivu wote wa dunia, ndipo akakaa.

Narudi mezani, Jemadari hayupo.

"Lydia!"

"Bee, mtani."

"Jemadari yuko wapi?"

"Yumo kwenye mkoba wangu." Wala hakuona haya. "Nimemchukua. Kwani utafanyaje?"

Nilihisi masikio yanawaka. Nikamgeukia Ebenezer, maana yeye ndiye aliyekuwa mwamuzi. Akafungua kitabu, akapekua, akakuna kichwa.

"Kitabu hakisemi kitu kuhusu watani," akasema. "Kinasema tu Jemadari asipokuwepo mezani, kila kikosi kirushe dadu ya woga."

"Mtani akichukua, kachukua," akadakia Mzee Yoramu akinywa chai. Mgogo mwenzangu huyo! "Usinune, kijana. Utatuaibisha."

Sikununa. Nilifikiri, na wazo lililonijia lilikuwa tamu hata nikatabasamu. Msibani kwa Mgogo nani anafanya kazi? Watani. Ndio wanaochimba kaburi, ndio wanaobeba maiti, ndio wanaozika. Mfiwa anakaa tu na kulia. Na hakuna mtani anayeweza kuikataa kazi hiyo, hata awe na haraka kiasi gani.

Nikasimama, nikavua kofia.

"Ndugu zangu," nikasema, "Jemadari wetu amefariki ghafla. Mtani, maiti unayo wewe. Itoe tuizike."

Nilijua akimtoa tu kwenye mkoba, namdaka, namrudisha mezani, nasema kafufuka, nashambulia. Ebenezer akaanza kucheka. Evodia akatoka jikoni na mwiko mkononi, akauliza nani amekufa. Mzee Yoramu akaweka kikombe chini na uso ukambadilika kabisa. Mzee yule alikuwa anapenda msiba kuliko harusi.

"Poleni sana," akasema kwa sauti nzito. "Alikuwa mtu mkubwa?"

"Mkubwa sana, baba," nikasema. "Jemadari wa majeshi yote."

"Aisee! Na marehemu ameacha nini?"

Hapo ndipo mdomo wangu uliponiponza. Nilijibu kwa majivuno, huku nikilionyesha lile jeshi langu zuri.

"Ameacha hawa wote, baba. Wapanda farasi, wapiga mishale, na ile mizinga. Mali yake yote hii."

Lydia akafungua khanga yake kiunoni, taratibu, akaitandika pembeni ya meza. Nikamwangalia. Damu ilinikauka kabla hajanyoosha mkono, maana mimi ni Mgogo, nimezika watu, najua watani wakimaliza kazi wanafanya nini. Wanazoa vitu vya marehemu. Sufuria, kiti, jogoo, chochote watakachoona. Na mfiwa hasemi kitu.

Alizoa jeshi langu lote kwa kiganja kimoja, kriii, mpaka mpiga ngoma. Akafunga fundo. Meza upande wangu ikabaki blanketi tupu.

"Mwamuzi," akasema, "adui yangu ana askari wangapi?"

Ebenezer alikuwa kajiinamia, mabega yanatikisika kwa kicheko. Ikabidi Evodia aseme kwa niaba yake kwamba sanduku ni la Lydia, na mimi na ujanja wangu nimejizika mwenyewe.

Lydia akajitwika sanduku kichwani, mkoba begani, khanga mkononi. Mlangoni akageuka. "Pole na msiba, mtani. Matanga yako kwangu. Usipokuja watasema hukumpenda marehemu."

Jamani, roho iliniuma. Nilitaka kupiga kelele, nilitaka kupindua meza. Lakini mtani hanuniwi. Nikacheka. Nikacheka kwa nguvu mpaka machozi yakanitoka, na yakagoma kukatika, na Mzee Yoramu akaja akanikumbatia, akawa ananipigapiga mgongoni.

"Lia, mwanangu," akasema. "Lia tu. Alikuwa mtu mzuri."