Mji Anaoutaka Janice

Miaka mingi Mbeyu aliwauliza majirani zake wa Mikindani, Mombasa, "Hiyo Nairobi ina asali gani inayonasa watoto wa watu?" Binti yake wa pekee, Winfred, alikuwa karani wa serikali huko. Nyumbani alifika Krismasi tu, kama mgeni.

Basi serikali ikaona mji mkuu umefurika. Idara ya kina Winfred ikang'olewa, mafaili na watu wake, ikaletwa Changamwe, jirani na Mikindani. Mbeyu akapiga vigelegele mpaka koo likamkauka. Akampikia binti yake samaki wa kupaka, akamlisha kama mwari.

Lakini mwari hakunenepa. Mumewe, mwalimu, alibaki Nairobi na mtoto wao Janice. Tena kulikuwa na Changawa, mwenzake wa kazi, mtu wa Rabai, hapo karibu na Mombasa, aliyeachwa Nairobi kwenye ofisi ndogo iliyobaki. Huyo alimbembeleza Winfred wabadilishane vituo. Mbeyu aliyasikia hayo, akajitia hajui.

Kila jioni Janice alipiga simu wategane vitendawili na mamake.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Nikimwita haji, nikimfukuza haondoki."

Mbeyu, akichambua mchicha, alilijua jibu: usingizi. Winfred naye alilijua, ndiye aliyemfunza mtoto. Lakini jioni ile alikuwa ameegemea ukuta, hana nguvu.

"Nimeshindwa, mwanangu."

"Haya, nipe mji!"

Ndiyo desturi. Aliyeshindwa humpa mtegaji mji, naye mtegaji akiridhika ndipo hutoa jibu.

"Nakupa Kisumu."

"Sitaki."

"Malindi, ukale halua."

"Sitaki!"

"Basi chukua Mombasa nzima, na feri yake."

"Hiyo ndiyo iliyokuchukua! Nipe mji ambao mimi na wewe tumo."

Winfred akatoka nje na simu yake. Mbeyu akabaki na mchicha mkononi. Maneno yale aliyajua. Ni yake, miaka yote ile, ila yeye hakupata wa kumwambia.

Binti aliporudi, macho yalikuwa mekundu.

"Win."

"Abee, mama."

"Yule Changawa bado anataka mbadilishane?"

"Nani kakwambia?"

"Simu yako ina kelele, na masikio yangu hayajastaafu."

"Nilimkatalia, mama. Nikienda, wewe utabaki na nani?"

"Nilizaa mtu, sikufuga kuku nimfungie bandani. Mpigie."

"Mama..."

"Mpigie upesi, kabla sijageuza nia. Maana nataka kuigeuza sasa hivi."

Winfred akapiga. Ukelele wa Changawa ukajaa nyumba: "Mungu akubariki, dada! Ngoja nimwambie mama, Rabai nzima isikie!"

Mbeyu akamfikiria mama huyo asiyemjua. Akamwonea wivu, kisha akamtakia heri. Akarudia mchicha wake: majani akayatupa, vikonyo akavitia sufuriani. Winfred aliona. Akaketi karibu na mamake, wakavila vivyo hivyo.