Paka wa Mwandawiro

Ukimsikiliza Mama Lynn, jirani wa kina Wakio pale Kaloleni, mizimu ya ukoo iliikataa posa ya msichana huyo mchana kweupe. Anasema wageni walikuwa hawajamaliza chai, mchumba akamvika Wakio koti lake kwa mapenzi, na papo hapo mkono usioonekana ukamkaba msichana koo. "Kifua kilipiga mluzi kama birika," anasema, naye alikuwa nyuma ya ua, anaanua nguo.

Wakio aliujua mkono huo. Ulikuwa wa Meneja, paka wa mchumba wake Mwandawiro, anayelala juu ya lile koti kule ranchi ya Ndara wakati mwenyewe yuko na ng'ombe.

Muuguzi alishamwambia: pumu yake huamshwa na manyoya ya paka. Inhela ya asubuhi na jioni asiiache hata akijisikia mzima, ile ya bluu iwe karibu kwa siku ya kubanwa, na paka akae mbali naye. Inhela zote mbili zilienea mkobani. Paka alikuwa kitandani kwa mchumba.

Mwandawiro alijitahidi. Akawa anabadilisha nguo njiani, kwa fundi wa baiskeli, anafika ukweni na fulana ya kuazima iliyoandikwa Umoja wa Akina Mama.

"Huyu ni mwenyekiti ama mwanachama tu?" mjomba Donald aliuliza. Kisha akamgeukia Wakio. "Mama, maneno ya Mama Lynn yameshapanda mlimani mpaka kwa ukoo kule Mwanda. Wazee wanasema ukibanwa tena mbele ya huyu kijana, mbuzi wake wa mahari wanarudishwa."

"Mjomba, ni paka."

"Basi paka aje ajieleze kwa wazee."

Jumamosi Wakio alikwenda Ndara, akaketi nje ya chumba cha Mwandawiro, upande unakotoka upepo.

"Si umpeleke Meneja stoo ya ranchi? Kule kuna panya."

"Huku kuna nyoka. Juzi ametoa bafe chini ya kitanda. Wewe ungeweza?"

"Ningepiga kelele."

"Unaona?"

"Naona. Sasa nikiolewa hapa, nitapumulia wapi? Dirishani?" Wakio akashusha sauti. "Nakuomba, Mwandawiro. Huyu paka mpe mtu mwingine, kabla wazee hawajakaa."

Mwandawiro alitazama ndani. Meneja alikuwa amejinyoosha katikati ya kitanda, tumbo juu. Mwandawiro akaanza kujikung'uta manyoya kwenye suruali, kana kwamba hayo ndiyo aliyoombwa kuyaondoa.