Nyongeza ya Mama Wamaitha

Barua kutoka Uswisi ilikuwa fupi na ya adabu, kama barua zote za kumfuta mtu kazi. Kifurushi cha pili cha unga wa magome hakikuua hata kijidudu kimoja cha malaria. Kampuni kubwa ya dawa iliwapa washirika wake wadogo wa Kitengela mwezi mmoja. Baada ya hapo, ushirikiano ungevunjwa.

Washirika hao wadogo walikuwa watu watano katika vyumba vitatu vya kupanga pale Noonkopir, nyuma ya duka la mabati. Mwaka ulikuwa 2004, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na kazi nyingine ya kukimbilia.

Daktari Kaloki, mwenye maabara, aliisoma barua kwa sauti mara mbili. Nzula, mkemia wake, alitamani ardhi ipasuke immeze. Yeye ndiye aliyeandaa kifurushi cha kwanza, kile kilichoua vijidudu vyote hadi Wazungu wakapiga simu siku ya Jumapili. Kwenye ripoti aliandika kwamba magome aliyakata mwenyewe porini Oltepesi. Uongo mtupu! Mvua ilikuwa imekata barabara, akayanunua sokoni Ngong na kufunga mdomo. Ya kifurushi cha pili ndiyo aliyoyakata Oltepesi kweli.

"Daktari, nilidanganya," alisema, akaeleza yote.

Kaloki aliikunja barua. "Ungeendelea kunyamaza ningekufuta leo," alisema. "Chukua sweta. Tunaenda Ngong."

Mama Wamaitha, muuza dawa za miti, alimkumbuka Nzula papo hapo. "Si ni wewe ulikuwa customer wangu wa kwanza ile siku ya mvua? Hayo magome ni ya kutia kwa supu tu. Lakini nilikuongezea mizizi ya hii," alisema, akigusa fungu la mizizi mbele yake.

"Mizizi?"

"Nyongeza, mami. Kwani wewe hujui kununua?"

Kununua Nzula alijua sana. Ila alikuwa amemimina mfuko wote kwenye mashine ya kusaga bila kutazama ndani, mkemia mzima na digrii yake.

Walipima upya. Magome peke yake hayakufanya lolote. Mizizi peke yake iliua. Kaloki aliwaandikia watu wa Uswisi kila kitu, uongo na yote, akaongeza sharti moja: jina la Wamaitha liingie kwenye mkataba kama mmoja wa wagunduzi. Wazungu walivuta kamba siku tisa, kisha wakakubali. Nzula hakufutwa. Alimshukuru Mungu, akamshukuru Kaloki, na Jumamosi akapeleka mkataba Ngong mwenyewe.

"Mama, mbona siku ile ulichagua mizizi hii, si kitu kingine?"

"Ulikuwa unatetemeka, mami. Macho mekundu, homa imekushika, na unajifanya uko sawa. Nikakuwekea ya kuchemsha unywe."

Nzula aliketi juu ya gunia. Wiki ile alikuwa amelazwa kwa malaria siku sita, dripu mkononi, huku dawa yake ikipanda ndege kwenda Uswisi. Alicheka, kisha akalia, akamshika mama yule mikono yote miwili.

"Asante, mama. Asante sana. Sikujua."

Wamaitha aliweka mkataba kando bila kuusoma.

"Lakini ulipona?"