Bangalo la Ndirangu

Mwaka 1986 Malindi nzima ilishikwa na homa ya neno moja: bangalo. Waitaliano walijenga mabangalo, mahoteli yakatangaza mabangalo, na jirani yangu Ndirangu, karani wa hoteli ya ufuoni, naye akamwambia mchumba wake, msichana aitwaye Wangu, aliyekuwa kwao Nyeri, kwamba amejenga bangalo. Alichokuwa nacho ni kijumba cha udongo na makuti nyuma ya kibanda changu cha chapati.

Kumbe kwao kuna desturi. Kabla ya harusi, akina mama wa upande wa msichana huleta vyakula na kukagua mahali atakapoolewa binti yao. Wasiporidhika, hakuna harusi. Ndirangu alipopata habari kwamba wanakuja, alikimbilia dukani kwa Ramesh, muuza mabati.

"Mabati ya nini?" Ramesh akamcheka. "Bangalo ni neno ya kwetu India, bwana. Maana yake nyumba ya Bengali: haina ghorofa, juu majani, mbele baraza. Mwingereza alikuta kwetu, akapenda, akabeba nyumba na jina. Yako ndiyo bangalo ya kweli. Ya Waitaliano uwongo tu!"

Ndirangu akarudi kichwa kimemvimba. Alikariri asili ya neno hilo na kuniudhi nalo kila nilipompakulia. Akapaka chokaa, akaazima viti, akatengeneza kibaraza. Nilimuuliza kama hakuna kitu alichosahau. Akanijibu kwamba mimi sijui Kiingereza.

Wageni wakafika, nami nikaenda kuwalaki, magunia ya viazi na mahindi yakateremshwa. Ndirangu akaanza: Bengali, Mwingereza, majani, baraza. Mamake Wangu alimsikiliza kwa heshima mpaka akamaliza.

"Tumeelewa, mwanangu," akasema. "Sasa tuonyeshe jiko."

Hakuwa na hata figa moja.

"Kwani wewe hula wapi?"

Ndirangu akanitupia jicho, na macho yote yakanigeukia, mimi mjane wa watu. Nilitamani ardhi inimeze, lakini uongo nao siuwezi.

"Kwangu, mama," nikasema. "Asubuhi na jioni."

Wangu alimtazama mchumba wake, machozi yakimlengalenga. "Ulipata muda wa kujifunza neno," akamwambia, "ukakosa muda wa kuniwekea mafiga."

Mamake hakugomba. Aliwaashiria wenzake, wakajitwika magunia, nami nikadhani wanarudi nayo Nyeri. Wapi! Walikuja moja kwa moja kibandani kwangu, wakayatua kando ya kikaango.

"Chakula chetu hupelekwa kwa mwanamke anayempikia bwana harusi," alisema. "Pokea, dada. Na bwana mwenyewe tunakuachia."

Wakamchukua binti yao, wakaenda zao. Nilimfokea Ndirangu mpaka sauti ikanikauka. Yeye alikuwa ameketi kwenye kibaraza chake cha Kibengali, akilia kwa kwikwi, na jioni ilipofika sikumpakulia.